Simu Yasema Nimefika, Hazina Siioni

Swali la msomaji: "Nimeanza hivi karibuni mchezo wa jiokachingi, yaani kutafuta visanduku vilivyofichwa kwa kufuata latitudo na longitudo, na ninatumia simu yangu. Katika bustani kubwa ya jiji kuna hazina tatu ambazo nimeshindwa kuzipata. Simu huniambia nimebakiza mita sifuri, kisha mshale unageuka ghafla na kunielekeza nyuma. Nimepekua vichaka na matuta ya maua bila mafanikio, na watu wameanza kunitazama kwa mashaka. Je, tatizo ni simu? Ninunue kipokezi maalumu cha GPS? Na nitafuteje bila kuharibu bustani wala kuonekana mhalifu?"

Jibu:

Nianze na sehemu ya swali lako inayohusu fedha, kwa kuwa ndiyo rahisi: usinunue kipokezi kipya kwa ajili ya hazina za bustanini. Kwa maelezo uliyoyatoa, simu yako inafanya kazi inavyotakiwa. Kinachokukwamisha ni maana uliyoipa ile mita sifuri. Umeichukua kuwa alama iliyochorwa ardhini, ilhali ni tofauti kati ya makadirio mawili: makadirio ya simu yako kuhusu mahali uliposimama sasa, na makadirio ya kifaa cha mfichaji kuhusu mahali alipokiweka kisanduku siku ile. Yote mawili yana kosa ndani yake, na simu haina njia ya kujua kosa la mfichaji lilikuwa kubwa kiasi gani wala lilielekea upande gani.

Inafaa uelewe kosa hilo linatoka wapi, kwa sababu ukilielewa utajua lini uiamini simu na lini uiweke mfukoni. Setilaiti za GPS huizunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja hutangaza kwa mawimbi ya redio saa yake na mahali ilipo, na kipokezi hupima muda ambao mawimbi hayo yametumia njiani. Kwa kuwa mawimbi husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde huzaa kosa la kama sentimita 30 katika umbali. Kipokezi huhitaji kusikia angalau setilaiti nne kwa wakati mmoja, kwa sababu pamoja na kutafuta mahali kilipo kinapaswa pia kusahihisha saa yake chenyewe, ambayo ni dhaifu mno ikilinganishwa na saa za atomiki zilizomo ndani ya setilaiti. Mahali palipo wazi, ambapo anga lote linaonekana, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5. Bustani iliyo katikati ya jiji haina uwazi huo. Majengo marefu yanayoizunguka huakisi mawimbi, hivyo baadhi hufika kwenye simu baada ya kugonga ukuta, yakiwa yamepita njia ndefu kuliko ile iliyonyooka, na simu huhesabu kwamba setilaiti iko mbali zaidi ya ilivyo. Matawi na majani, hasa yakiwa yamelowa mvua, nayo huyadhoofisha. Unaposimama chini ya mti mkubwa karibu na jengo la ghorofa kumi, mahali simu inapodhani upo huhama kila baada ya sekunde chache, na mshale hugeuka pamoja nayo ingawa wewe hujasogea hata hatua moja.

Sasa chukua kwamba mfichaji alikosea mita 5 kuelekea upande mmoja, nawe ukakosea mita 5 kuelekea upande wa pili. Simu itakuonyesha sifuri huku kisanduku kikiwa mita 10 kutoka miguuni pako. Duara lenye nusukipenyo cha mita 10 lina eneo la mita za mraba zipatazo 314, na katika bustani eneo hilo laweza kubeba mabenchi mawili, nguzo ya taa, kipande cha uzio, mti mkubwa na tuta zima la maua. Huo ndio uwanja wako halisi wa kutafuta.

Historia ya mchezo huu inaeleza vizuri kwa nini bustani za mijini zina ugumu wake wa pekee. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kosa liliweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulisitishwa tarehe 2 Mei 2000, na kesho yake Dave Ulmer aliacha ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Siku chache baadaye Mike Teague aliipata. Kosa lilikuwa limepungua kiasi cha kumwezesha mtu kukiona kitu kikubwa kama ndoo akifika karibu nacho, na hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Mjini, hata hivyo, ndoo haiwezi kukaa siku mbili bila kuondolewa, kwa hiyo wafichaji wakapunguza ukubwa wa vyombo mpaka kufikia vikopo vya filamu za kamera na vichupa vyenye sumaku visivyozidi ncha ya kidole. Usahihi wa vipokezi haukuongezeka kwa kasi hiyo. Mtafutaji wa bustanini anatumia kipimo kilichotosha kuipata ndoo, naye anatafuta kitu kidogo kuliko kidole gumba. Pengo lililobaki hapo katikati linazibwa na macho na fikra zake.

Kuhusu vipokezi maalumu, ubora wao ni wa kweli lakini uko kwingine: betri hudumu muda mrefu, havihofii mvua wala kuanguka, na vidole vyenye glavu huweza kuvitumia. Kwa safari za siku nzima porini ningekushauri ununue. Kwa usahihi peke yake, simu nyingi za miaka ya karibuni husikiliza setilaiti za mifumo kadhaa kwa pamoja, yaani GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na zile zinazopokea masafa mawili badala ya moja hukabiliana vizuri zaidi na mwangwi wa kuta. Kifaa cha bei kubwa hakitakupunguzia ule uwanja wa mita za mraba 314 kwa kiasi utakachokihisi.

Kinachoupunguza ni namna ya kutembea. Usikimbilie kusimama juu ya sifuri. Anza mita 30 hivi kutoka mahali panapodaiwa, penye uwazi, ambapo simu ina anga la kutosha, kisha tembea kwa mwendo wa kawaida kuelekea unakoonyeshwa, ukiangalia ni kitu gani kilichosimama mbele yako kwa umbali unaotajwa. Ukifika kama mita 10, acha kuufuata mshale. Zunguka, uje tena kutoka upande mwingine wenye uwazi, na ikiwezekana upande wa tatu. Mistari ya njia zako hizo haitakutana kwenye nukta moja, lakini itakatiza karibu na vitu viwili au vitatu, na hivyo ndivyo vya kuchunguzwa kwanza. Kumbuka pia kwamba unaposimama tuli simu nyingi huuelekeza mshale kwa kutumia dira yake ya ndani, na dira hiyo hupotoshwa na benchi la chuma, uzio, au hata kifuniko cha simu chenye sumaku. Usitegemee sana picha za angani zinazowekwa chini ya ramani, kwani zenyewe zaweza kuwa zimepishana na ardhi kwa mita kadhaa.

Kuna kosa moja la maandishi ambalo halitokani na anga kabisa. Mchezo huu huandika mahali kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu, kwa mfano N 45° 17.460 (dakika na sekunde hapa ni vipande vya nyuzi, si vya saa). Ukifuata hazina yenye hatua nyingi au yenye fumbo, ambapo unapaswa kuziingiza nambari kwa mkono, ni rahisi kuisoma ile .460 kuwa sekunde 46. Kumbe dakika 0.460 ni sekunde 27.6 tu, na tofauti ya hapo katika latitudo ni zaidi ya nusu kilomita. Kama mojawapo ya hazina zako tatu ni ya aina hiyo, hakiki hesabu kabla ya kurudi bustanini. Tarakimu ya mwisho ya latitudo katika uandishi huo ina thamani ya mita 1.85, kwa hiyo hata mfichaji mwangalifu kupita wote hakuwa na sababu ya kuandika kwa undani zaidi.

Baada ya hapo, soma ukurasa wa hazina kana kwamba ni ushahidi, maana ndivyo ulivyo. Watafutaji wapya wengi huziruka taarifa zake na kuukimbilia mshale, nami naona hapo ndipo wanapopoteza nusu ya msaada waliopewa. Tazama ukubwa kwanza. Chombo kidogo kabisa huwa chini ya mililita 100. Kinachofuata hufika lita moja. Cha kawaida ni kati ya lita moja na 20. Kikubwa huzidi hapo. Ukiambiwa kwamba hazina ni ya kawaida, huna haja ya kupapasa chini ya kila bolti ya benchi, kwa kuwa chombo cha lita moja hakienei hapo. Kisha tazama viwango viwili vinavyotolewa kuanzia 1 hadi 5 kwa kupanda nusu nusu: ugumu wa kutafuta na ugumu wa kufika. Hiki cha pili kina habari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ugumu wa kufika ukiwa 1, maana yake ni kwamba mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kufika, na kwa hiyo hazina haiko ndani ya kichaka, haiko juu ya mti, wala haiko katikati ya tuta la maua. Ikiwa hazina uliyokuwa ukiipekulia vichakani ilikuwa na kiwango hicho, ulikuwa ukitafuta mahali ambapo ukurasa wenyewe ulishakuambia haipo.

Dokezo nalo huandikwa kwa kuhamisha kila herufi ya alfabeti ya Kiingereza nafasi 13, ili A isomeke N na N isomeke A, na programu ya simu hulifumbua kwa kugusa mara moja. Mtu anayeanza asione aibu kulisoma. Mwisho, soma maandishi ya waliokutangulia na tarehe zake. Hazina iliyopatikana wiki iliyopita ipo. Hazina ambayo watu wanne wenye uzoefu wameikosa mfululizo huenda imeshaondoka.

Ukishajua unatafuta kitu cha ukubwa gani, jiweke katika nafasi ya mfichaji. Yeye alikuwa na mashaka makubwa kuliko yako: chombo chake kilipaswa kubaki mahali pale kwa miezi au miaka, kikiponea wafagiaji, watunza bustani, watoto na mvua, huku mtafutaji akiweza kukitoa na kukirudisha bila kuvutia macho. Tena sheria za tovuti kuu ya mchezo, Geocaching.com, humkataza kuchimba shimo bila idhini ya mwenye ardhi, humkataza kuharibu mali au mimea, na humtaka awe na ruhusa ya kuweka chombo mahali hapo. Kwa mashaka hayo na makatazo hayo, sehemu kubwa ya bustani hujiondoa yenyewe. Nyasi hukatwa, kwa hiyo hapana. Matuta ya maua hulimwa na kupandwa upya kila msimu, kwa hiyo hapana. Mapipa ya taka humwagwa. Udongo hauchimbwi. Vinavyobaki ni vitu visivyohama: upande wa chini wa benchi, kona ya ndani ya reli ya daraja dogo, nyuma ya kibao, mwanya wa ukuta wa mawe, shina lililokatwa, panda ya mizizi mikubwa, mguu wa uzio pale unapokutana na ukuta.

Hapo ndipo macho yanapoanza kazi, na kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za mchezo. Tafuta kilichopangwa na mkono wa mtu. Vijiti vya asili huanguka ovyo. Vitano vilivyolala sambamba mbele ya tundu la mti vimewekwa. Jiwe ambalo upande wake wenye udongo umetazama juu limegeuzwa. Bolti ya uzio isiyoshikilia chochote, au iliyo mpya kati ya nyingine zenye kutu, inastahili kuguswa. Kipande cha gome kilichoegeshwa kwenye shina la mti wa aina nyingine hakikutoka kwenye mti huo. Simama kwanza dakika mbili ukiwa umeweka mikono nyuma, utazame kila kitu ndani ya duara lako kutoka chini, kwa usawa wa macho na juu kidogo ya kichwa, kabla ya kuanza kugusa. Anayepapasa mapema huvuruga dalili ambazo angezisoma. Unapogusa, usiingize vidole kwenye tundu ambalo hujaliona ndani, kwa sababu ya wadudu, nyoka na vioo vilivyovunjika. Tumia tochi na kijiti. Chochote chenye nyaya za umeme usikifungue hata kama mshale umeketi juu yake.

Nije kwenye matuta ya maua na vichaka, jambo ambalo nimefurahi kwamba umeliuliza. Madhara makubwa ya mchezo huu bustanini huwa ni ya miguu. Mizizi mingi myembamba, ile inayonyonya maji na hewa, iko katika udongo wa juu, na udongo uliokanyagwa mara kwa mara hushikamana mpaka maji na hewa havipenyi. Mtafutaji mmoja hadhuru mti, lakini hazina maarufu hupokea watafutaji kwa miaka, na wote huzunguka mahali pale pale. Ukiona njia mpya iliyochongwa na nyayo kuelekea kwenye mti, ni dalili kwamba hazina iko karibu, na ni sababu pia ya kumwandikia mwenye hazina ili aihamishe au aifunge kabla msimamizi wa bustani hajapiga marufuku mchezo wote. Msimamizi ana haki ya kufanya hivyo, na nyumba yake tunaiingia kwa hisani. Kanuni ninayokuomba uishike ni hii: ukingo wa tuta la maua ni mpaka. Hazina iliyowekwa kihalali hufikiwa ukiwa nje yake, na iliyo ndani yake haistahili kutafutwa. Tangu mwaka 2002 wachezaji duniani wamekuwa na utaratibu wa kukutana ili kuokota taka mahali wanapochezea. Nawe waweza kuubeba utaratibu huo peke yako kwa kuwa na mfuko mmoja kila unapokwenda.

Mashaka ya watu hayana dawa ya ujanja. Mtu mzima anayezunguka kichaka akitazama simu, anainama, anatazama huku na huku kisha anaondoka haraka, hutia wasiwasi kwa haki kabisa, na mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, wasiwasi wa namna hiyo ulisababisha kikosi cha mabomu kuitwa na hazina kulipuliwa. Kujificha zaidi hukuza tatizo. Nenda mchana, bustani ikiwa wazi kwa umma, kaa kwenye benchi kama watu wengine wanavyokaa, na kama kuna mtu karibu mno subiri aondoke. Mlinzi, polisi au mzazi akikuuliza unafanya nini, mweleze ukweli moja kwa moja na umwonyeshe ukurasa kwenye simu. Maelezo mafupi na ya wazi humaliza shaka mara nyingi kuliko kisingizio chochote. Mshale ukielekea kwenye uwanja wa kuchezea watoto nawe uko peke yako, iache hazina hiyo, hata kama unajua ilipo.

Ukiipata, fungua ukiwa umejikinga na macho ya watu, saini karatasi iliyomo kwa kalamu yako mwenyewe, kwani vyombo vidogo havina nafasi ya kalamu, kisha funga kwa uthabiti ili maji yasiingie, na ukirudishe chombo pale pale ulipokitoa, kikiwa kimefunikwa namna ile ile. Usiyaboreshe maficho wala usikisogeze chombo mahali unapopaona bora, maana kila nusu mita inayoongezwa na mtafutaji hujumlishwa kwenye makosa tuliyoyataja hapo juu, na anayefuata ndiye hulipa.

Kwa hazina zako tatu, basi, fanya hivi. Fungua kurasa zake leo na uzipange kwa tarehe ya mwisho ya kupatikana. Anza na ile iliyopatikana karibuni zaidi na yenye ugumu wa kutafuta usiozidi 1.5, uipe dakika 20, kisha uondoke hata kama hujaiona. Jicho lililochoka hupita juu ya kitu mara tano bila kukiona, na siku nyingine hukiona mara moja. Zile ambazo hukuzipata, andika kwenye kurasa zake kwamba ulitafuta na hukuona, ukitaja sehemu ulizochunguza bila kuwafichulia wengine maficho. Watafutaji wapya huona haya kuandika hivyo, lakini maandishi hayo ndiyo humwezesha mwenye hazina kujua kwamba huenda chombo kimepotea. Kama mojawapo ina mfululizo wa watu walioikosa, mwandikie mwenye hazina akaikague, na wala usiweke kikopo chako badala yake: huenda cha kwanza bado kipo, na bustani itabaki na viwili ambavyo hakuna anayejua kipi ni cha kweli.